Mass Effect au Cyberpunk 2077: ukiwa na hela ya gemu moja

Mpwa wangu alinipigia simu wiki ile aliyonunua PS4 ya mkono wa pili. "Mjomba, nina hela ya gemu moja tu. Nataka ya mambo ya baadaye, yenye hadithi, siyo ya mpira. Nichukue Mass Effect au Cyberpunk?" Nilimjibu hapohapo, maana kwa mwenye PS4 jibu ni fupi. Nilipokata simu ndipo nikajiuliza: angekuwa na mashine mpya ningemwambia nini? Hapo jibu likawa refu.

Tumalize lile fupi kwanza. Mwenye PS4 au Xbox One achukue Mass Effect Legendary Edition. Cyberpunk 2077, kazi ya CD Projekt Red ya Warsaw, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kuahirishwa mara tatu, na kwenye mashine za zamani ilitoka mbichi kiasi kwamba wiki moja tu baadaye Sony iliiondoa dukani kwake na kuanza kurudishia watu fedha. Ilirejea Juni 2021. Tangu hapo imekarabatiwa kwelikweli, lakini ukarabati mkubwa, yaani toleo la 2.0 la Septemba 2023, haukufika PS4 wala Xbox One, na nyongeza yake ya Phantom Liberty nayo haipo huko. Ukinunua Cyberpunk ya PS4 unanunua nyumba ambayo fundi aliondoka kabla ya kupiga lipu. Kwa hiyo yote nitakayosema chini kuhusu Cyberpunk yanamhusu mwenye PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu kidogo.

Sasa lile refu.

Mass Effect ni hadithi ya Kamanda Shepard, askari wa kike au wa kiume kadiri utakavyomuumba, mwaka 2183, wakati binadamu ni wageni wapya miongoni mwa viumbe waliotangulia kuzimiliki nyota. BioWare ya Edmonton, Kanada, iliitoa kwa sehemu tatu: 2007, 2010 na 2012. Legendary Edition, iliyotoka Mei 2021, imezifunga zote tatu pamoja na karibu nyongeza zake zote, sura zikiwa zimesafishwa. Cyberpunk haina safari za sayari kwa sayari. Ni mji mmoja, Night City, huko California, na wewe ni V, mtu wa kazi za kukodiwa. Kazi moja kubwa imekuharibikia na sasa una chipu kichwani yenye nafsi ya mwanamuziki mkorofi aliyekufa zamani, Johnny Silverhand, aliyeigizwa na Keanu Reeves. Chipu hiyo inakufuta taratibu ili yeye akae.

Watu huziweka rafu moja kwa sababu zote mbili zina bunduki, alama za ustadi na mazungumzo ya kuchagua. Ukizicheza unaona kila moja inadai kitu chake. Mass Effect inakutaka uamue, kisha uishi na ulichoamua. Cyberpunk inakutaka ukae mjini mpaka uzoee harufu yake.

Nikuonyeshe namaanisha nini. Sehemu ya kwanza ya Mass Effect ina sayari iitwayo Virmire. Unaye mwenzako Wrex, mkrogani mzee mwenye makovu usoni, ambaye kabila lake liliwahi kuwekewa ugonjwa wa kutengenezwa ili watoto wao wafe kabla ya kuzaliwa. Hapo Virmire adui ameipata tiba, nawe umetumwa kulipua maabara yote, tiba ikiwemo. Unamkuta Wrex ufukoni peke yake, anapiga risasi majini kwa hasira. Unamsogelea. Anakugeuzia mtutu. Kinachofuata ni maneno tu, hakuna kukimbia wala kujificha, na maneno utakayoweza kuyasema yanategemea ulivyoishi saa ishirini zilizotangulia: ulijenga ustadi wa kushawishi au hukujenga, ulimtafutia deraya ya ukoo wake iliyoporwa au uliona ni kazi ya pembeni ukaipita.

Mazungumzo hayo hayafiki dakika tano. Lakini faili lako la gemu ya kwanza huhamia ya pili, la pili likahamia ya tatu, na huko mbele, siku galaksi nzima inapohitaji msaada wa wakrogani, anayeketi mezani kwako kuzungumza kwa niaba yao anatokana na ule ufuko. Mimi mara ya kwanza sikuwa na maneno ya kutosha. Nilicheza sehemu ya tatu nzima nikiwa na mtu mwingine upande wa pili wa meza, na kila alipofungua mdomo roho iliniuma.

Hilo ndilo jambo ambalo Cyberpunk haina, na sijaona gemu nyingi zikilifanya kwa upana huu. Wenzako wengine wa safari, Garrus, Tali na Liara, unawaona wakikua. Unaanza nao wakiwa wageni wanaojitambulisha, unamaliza ukiwa unajua nani atatania nini mkiingia kwenye lifti.

Usidhani kumbukumbu hiyo haina mashimo. Maamuzi mengine unayafanya kwa mikono inayotetemeka, halafu sehemu ya tatu inayapitia juujuu. Malkia wa rachni, jamii ya viumbe kama wadudu wakubwa, kwa mfano: umuue au umwachie katika sehemu ya kwanza, utakutana na viumbe wake tu. Kisha kuna mwisho wenyewe wa 2012, uliowaudhi mashabiki mpaka BioWare ikatoa nyongeza ya bure Juni mwaka huo kuufafanua. Legendary Edition inao huo uliofafanuliwa. Bado ni mwembamba ukilinganisha na safari, ila siafiki wanaosema unaharibu kila kilichoutangulia.

Kasoro inayonikera zaidi watu huitaja kidogo. Gemu inahesabu alama za wema na za ubabe, na ina tabia ya kumzawadia anayeshikilia upande mmoja. Chaguo la upole liko juu ya gurudumu la mazungumzo, la ubabe liko chini. Baada ya saa kumi hufikirii tena. Unasukuma kidole juu kila mara, kwa sababu ukichanganya utafika pahala fulani, hasa sehemu ya pili wenzako wawili wanapogombana, ukose alama za kuwapatanisha. Gemu inayojidai ni ya maamuzi inakufundisha kuacha kuamua.

Cyberpunk haina mizani ya namna hiyo, na hapo inaishinda. Chukua kazi ya mapema kabisa ya kwenda kiwanda cha All Foods kuchukua roboti kutoka kwa genge la Maelstrom. Kabla ya kwenda unaweza kumpigia simu mwanamke wa kampuni iliyoibiwa roboti hiyo. Atakupa chipu yenye fedha, na ndani yake kirusi. Ukiwa na utaalamu unaigundua mbinu hiyo na kuiondoa. Unaweza kulipa kwa fedha zako. Unaweza kutoa bastola na kumaliza mambo palepale mezani. Humo ndani kuna mtu amefungiwa, kiongozi aliyepinduliwa. Ukimtoa, saa nyingi baadaye mlango fulani utakuwa rahisi kwako. Hakuna anayekuambia lipi ni jema.

Tatizo ni kwamba hiyo ni ahadi isiyorudiwa mara nyingi. Kazi nyingi zinazofuata zina njia mbili, na zote zinakutoa mlango uleule. Asili yako unayoichagua mwanzoni, mhamaji wa jangwani, mtoto wa mtaani au mfanyakazi wa kampuni kubwa, inakupa utangulizi wa nusu saa hivi, kisha inabaki kuwa mstari mmoja mmoja wa maneno hapa na pale. Maamuzi mazito yamerundikwa mwishoni, kwenye njia za kumalizia, na huko kwa haki kabisa yanauma.

Lakini mji! Kuna mashine ya kuuza vinywaji inayoongea, jina lake Brendan. Ukipita mara ya kwanza inakuomba msaada: pipa kubwa la taka limesukumwa mbele yake, wateja hawaioni. Unalisogeza. Ukirudi siku nyingine unaikuta inamfariji msichana aliyeachwa na mpenzi. Hakuna risasi wala fedha za maana. Ukirudi tena unakuta mafundi wamekuja kuichukua, kwa sababu mashine haikutakiwa kuwa na urafiki. Nilisimama pale na bunduki za mamilioni mgongoni, nisijue nifanye nini. Kuna makumi ya vitu vya namna hiyo vimefichwa vichochoroni, pamoja na visa virefu vya Judy na Panam, wanawake wawili V anaojenga nao urafiki, ambavyo vimeandikwa vizuri kuliko hadithi kuu yenyewe.

Ndipo unapogongana na udhaifu wa msingi wa gemu hii. V anakufa. Anakohoa damu, daktari amempa wiki chache, Johnny anamkumbusha kila mara. Na wewe uko kwenye mashindano ya magari, unatafuta paka, unanunua koti. Hadithi inakuambia kimbia, mji unakuambia tulia, na hakuna aliyewahi kuwakalisha hao wawili wakubaliane. Mass Effect 2 nayo ina dunia inayongoja uokoe, ila baada ya tukio fulani ukichelewa kwenda, watu waliotekwa wanakufa kweli. Cyberpunk haithubutu.

Ukija kwenye mapigano, Cyberpunk inaongoza mbali. Tangu toleo la 2.0 mfumo wa ustadi umesukwa upya na unaruhusiwa kurudisha alama ulizotumia ukajaribu mtindo mwingine bila kulipa. Unaweza kukaa chumba cha pili, ukaingia kwenye kamera ya usalama, ukampofusha mlinzi macho ya bandia, ukamlipulia mwingine bomu lake mfukoni, usionekane hata kivuli. Au uingie na upanga. Unaona kila kitu kwa macho ya V mwenyewe, jambo linaloongeza ukaribu, ingawa maana yake pia ni kwamba lile koti ulilosumbukia hutaliona mara nyingi, labda kwenye kioo au ukipanda pikipiki.

Mass Effect unaitazama nyuma ya bega la Shepard, ukiwa na wenzako wawili. Unasimamisha wakati, unamwambia huyu anyanyue maadui hewani na yule awamiminie risasi. Ni mchezo wa kupanga. Sehemu ya kwanza ni nzito mkononi, hata baada ya Legendary Edition kulainisha upigaji risasi na kile kigari cha Mako, na sayari zake za pembeni ni jangwa lenye jengo lilelile limenakiliwa na kubandikwa, masanduku tu ndiyo yamehamishwa. Sehemu ya pili ndiyo bora, na ile misheni ya mwisho ambapo nani unampa kazi gani huamua nani anarudi hai ni kipimo ambacho gemu nyingi bado zinakitamani. Ila hata hiyo inakulazimisha kuzunguka sayari ukitafuta madini kwa kitu kama kipimo cha mapigo ya moyo. Washa redio pembeni.

Lugha ni jambo ambalo wanaozilinganisha gemu hizi kwa Kiingereza hawana sababu ya kuligusa. Hakuna kati ya hizi yenye Kiswahili, na zote mbili ni gemu za maneno mengi kuliko risasi. Mass Effect inazungumza Kiingereza cha jeshi na cha mabalozi, kimenyooka, na haikuharakishi: gurudumu litakungoja hata ukienda kumimina chai. Mtego wake ni kwamba maneno mafupi unayoyachagua siyo sentensi atakayoitamka Shepard. Umechagua kitu kinachosomeka kama "sikubali", unashangaa kamanda wako kampiga mtu ngumi. Angalia mahali neno lilipo kwenye gurudumu kuliko neno lenyewe. Tena kuna viumbe waitwao elcor, wakubwa kama tembo, wasio na mabadiliko ya sauti, kwa hiyo hutangaza hisia kabla ya kila sentensi: kwa masikitiko makubwa, hili, kwa shauku isiyofichika, lile. Hao ndio wahusika pekee ambao sikuwahi kuhitaji maandishi ya chini.

Cyberpunk inaongea lugha ya mtaa, ya kubuniwa juu ya Kiingereza cha wahuni, Jackie, rafiki wa V, akichomekea Kihispania na Takemura, mlinzi wa tajiri mmoja, akizungumza Kijapani. Vijana wa genge la Voodoo Boys huko mtaa wa Pacifica wanaongea Krioli ya Haiti, na maneno yao yanajitafsiri mbele ya macho yako kana kwamba kichwa cha V kina mkalimani. Inapendeza. Lakini baadhi ya majibu yana muda. Mstari unapungua huku bado unasoma. Kama Kiingereza chako ni cha darasani, washa maandishi ya chini, yaongeze ukubwa, na ujue utapitwa na utani mwingi wa Johnny.

Kuhusu mashine na bando. Kwenye kompyuta Legendary Edition haidai makubwa: kadi ya michoro ya zamani kama GTX 760 na RAM ya GB 8 vinaifungua. Inachodai ni nafasi, GB 120 kwa sehemu zote tatu. Cyberpunk inataka GB 70, lakini ziwe kwenye SSD, ile diski ya kasi, pamoja na RAM ya GB 12 na kadi kuanzia GTX 1060 ya GB 6, na hicho ni kiwango cha chini tu. Niliwahi kuacha upakuaji wa gemu moja kubwa usiku kucha kwa bando la usiku, umeme ukakatika saa tisa, asubuhi nikakuta faili limeharibika na bando limekwisha. Kwa hiyo lifuatalo silichukulii kuwa dogo: toleo la Mass Effect la kompyuta linadai akaunti ya EA, kampuni inayoichapisha, wakati Cyberpunk ukiinunua kwenye duka la GOG unapata faili za kusakinishia zisizo na kufuli ya intaneti. Unaziweka kwenye diski ya nje, hata uhamie kijijini kwa bibi zinafanya kazi.

Bei rasmi za kuanzia zilikuwa dola 60 kila moja, na Phantom Liberty dola 30 juu yake. Usilipe hizo. Mass Effect imeshawahi kushuka chini ya dola 10 kwenye punguzo za msimu, na kwa gemu tatu za karibu saa mia sijui dili gani linaipita. Cyberpunk hushuka pia, ila si kwa kiasi hicho, na nyongeza yake ni ya kununuliwa kweli: wilaya mpya, Idris Elba akiwa jasusi mchovu, na hadithi ya kuaminiana na kusalitiana iliyofungwa vizuri kuliko ile kuu.

Neno kwa wanaochezea sebuleni. Cyberpunk ni ya miaka 18 na haikusudii kuficha. Uchi unaanza kwenye ukurasa wa kumuumba mhusika, kabla hata hadithi haijaanza. Kuna mahali kwenye mipangilio pa kuufunika; pafungue kwanza, kabla mama hajapita na sinia la matunda. Mass Effect ina mapenzi pia, ila ni ya picha fupi zisizoonyesha mengi, na kitu cha aibu zaidi humo ni jinsi Shepard anavyocheza muziki klabuni.

Na kama huna saa mia, wala sitini, iko ya tatu: The Outer Worlds ya Obsidian, ya 2019. Koloni la anga linalomilikiwa na makampuni, ambako mfanyakazi wa kiwanda cha samaki wa kopo hukodishiwa hata kaburi lake. Katika mji wa kwanza tu unapewa swichi moja ya umeme: uupeleke kiwandani walipo watu waliobaki, au kwa wale waliokimbia wakaanza kulima. Inaisha kwa saa 25 hadi 30, inachekesha, ipo PS4. Haibaki kichwani kama hizi mbili, lakini si kila mtu anataka kitu cha kubaki kichwani.

Ningekuwa na PS5 na hela ya gemu moja leo, bila kuwahi kucheza yoyote? Bado ningeanza na Mass Effect, na ningejilazimisha kuvuka saa za mwanzo pale Citadel, kituo kikubwa cha anga, ambapo zaidi ni kutembea na kuongea. Kwa mtu anayechoka na mazungumzo haraka, ambaye raha yake ni kuendesha gari usiku mvua ikinyesha na taa zikiakisi lami, ningempa Cyberpunk bila kusita.

Mpwa wangu alichukua Mass Effect. Juzi saa tano usiku kanitumia ujumbe: "Mjomba, huyu Wrex kanielekezea bunduki. Nichague lipi?"

Nikamuuliza kama alishamtafutia ile deraya ya ukoo wake.

Kimya cha dakika mbili. Kisha: "Deraya gani?"